Lori Jekundu Lililopauka

Mwanamke anayemfuata mwanamume aliyemwacha aende zake hatakiwi kunuka vitunguu saumu. Mimi nilinuka. Usafiri pekee niliopata kutoka Dongobesh alfajiri ile ulikuwa lori la vitunguu, na niliposhuka Katesh saa tatu na nusu, gauni langu la kanisani, kilemba changu, hata nywele zilizojificha chini ya kilemba, vyote vilinuka jikoni. Mikononi nilikumbatia katoni ya sabuni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Sikuiweka chini njia nzima. Ndani yake kulikuwa na kitu cha baba ambacho nilikichukua bila kumwomba.

Nyumbani Tlawi niliaga kwamba nakwenda kumwona shangazi Dongobesh. Sikudanganya sana, maana nililala kwake kweli. Nilichoacha kusema ni kwamba safari ingeendelea.

Duka la mama yake Yakubu nililikuta palepale, kanga zimening'inia mlangoni na njia ya kuingia gereji ikipita nyuma ya kaunta. Bi Mwantumu alikuwa akipima kitambaa cha sare za shule. Aliniona, akamaliza kupima kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akakunja kitambaa taratibu. "Wewe ndiye wa Tlawi."

"Ndiyo mama. Naitwa Violeth."

"Jina nalijua. Yakubu anaota kwa sauti, na ukuta kati ya chumba chake na changu ni wa mbao."

Uso ulinichoma. Nikaitazama katoni yangu kana kwamba ingenisaidia.

"Keshokutwa anaondoka," akasema. "Kahama, kwenye gereji ya migodini. Jumamosi, basi la alfajiri."

"Sikujua, mama."

"Ungejuaje? Hukuuliza." Alisema bila ukali, na hilo liliniuma zaidi. "Nikwambie ukweli, binti, mimi sikukutaka. Nilitaka msichana wa kufunga naye Ramadhani, wa kunisomea dua nikifa. Bado namtaka huyo. Lakini mwaka mzima sasa namwona mwanangu anakula nusu sahani, anainuka. Mzazi ana mambo mengi ya kutaka, na hilo haliko kati ya hayo."

Akainua ubao wa kaunta ili nipite.

"Haya, pita. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Yakubu alikuwa amenipa mgongo, akibandika magazeti kwenye vioo vya basi dogo ili rangi isivirukie. Niliujua mgongo ule. Nilikuwa nimeutazama ukiondoka, mwaka mmoja na miezi mitatu iliyopita, mpaka ulipomezwa na ukungu, na tangu siku hiyo nikawa nauona kila mahali: sokoni Mbulu, kwenye foleni ya kinu, hata kanisani kwenye benchi la mbele, Mungu anisamehe. Kila mara mtu aligeuka na kuwa mtu mwingine.

Safari hii aligeuka, akawa yeye.

Fundi wa rangi anaweza kunawa mikono kwa thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, mpaka ikang'aa, lakini kope hanawi. Kope za Yakubu zilikuwa za buluu siku ile, vumbi la rangi ya basi limetulia juu yake. Macho yalikuwa yaleyale.

"Violeth."

"Yakubu."

"Za Tlawi?"

"Njema. Ukungu tu."

"Mzee hajambo?"

"Hajambo. Magoti yanamsumbua."

Tulisalimiana hivyo, kama watu waliokutana kisimani, na huku moyo wangu ukigonga kiasi kwamba niliogopa kamba ya katoni ingekatika. Akasogea hatua moja. Akasimama.

"Unanuka vitunguu saumu."

"Nimekuja navyo."

Alicheka. Kicheko kifupi, kilichotoka kabla hajakiruhusu, halafu akakizuia. Nami nilijua kwamba ningepanda malori kumi ya vitunguu kukisikia tena.

"Mama amekwambia kuhusu Kahama?"

"Ameniambia."

"Umekuja kuniaga?"

Niliweka katoni juu ya pipa, nikafungua kamba, nikatoa lile lori.

Lilikuwa lori dogo, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Bodi ya mbao, kichwa cha bati la makopo ya mafuta ya kupikia, milango inayofunguka, taa, hata kile kidonda cha bampa la kushoto ambacho baba alikipata kwenye daraja mwaka ambao mimi nilizaliwa. Ila lilikuwa jeupe. Weupe wake haukuwa wa rangi. Ulikuwa weupe wa jicho la mzee lililoingia mtoto wa jicho, na chini yake, kwa mbali sana, mtu aliweza kuona kwamba zamani palikuwa na wekundu.

Yakubu alilitazama kama mtu anayetazama barua aliyoiandika mwenyewe akiwa na hasira.

"Mmelitunza," akasema.

Nitaeleza lilivyotufikia, maana bila hilo hamtamwelewa yeyote kati yetu.

Baba yangu, mzee Hermani, aliendesha lori jekundu la mashamba ya ngano kule Basotu miaka kumi na tisa. Mashamba yalipopunguza watu, alirudi Tlawi na mashuka mawili, redio na nidhamu ya kuamka saa kumi. Yakubu alikuja kwetu kupaka rangi gari la parokia, Februari moja yenye jua. Mimi nilikuwa napika kwa padre. Kazi ya siku tano aliifanya kwa wiki tatu, na padre, ambaye hakuwa kipofu, alimwambia kwamba gari lile sasa lina rangi ya kutosha.

Alipotuma wazee kuniposa, baba alisikia jina Yakubu bin Zubery, akalirudia neno kwa neno. Halafu akatoa sharti. Wengine wote waliona ni dhihaka, na nadhani yeye mwenyewe alikusudia iwe dhihaka. "Ni fundi, si ndiyo? Basi anitengenezee mfano mdogo wa lori langu, lilivyokuwa nikiliendesha. Rangi ileile ya siku nilipokabidhiwa. Akiweza, nitamsikiliza."

Yakubu hakucheka. Alikwenda Basotu, akalikuta lori lenyewe limekufa kwenye majani nyuma ya ghala, limepauka kama tofali. Akalipima kwa futi kamba, kila mita moja akaifanya sentimita nne. Rangi aliipata chini ya kibao cha namba: alifungua skrubu nne, akakiondoa, na pale ambapo jua halikuwahi kufika alikuta wekundu wa siku ya kwanza. Akachanganya rangi miezi saba mpaka ikalingana. Alikuwa na kibunduki cha kupulizia chembamba kama kalamu, alichoachiwa na mhandisi mmoja mgeni wa mashamba yale siku anarudi kwao. Kwa kuwa Tlawi hakuna umeme wa kuendeshea mashine ya upepo, upepo wake aliubeba ndani ya tairi.

Ndiyo, tairi. Alilijaza Katesh, akalipakia juu ya basi, na kutoka barabarani akaliviringisha mpaka kwetu, lori kwenye mkoba begani, watoto wote wa Tlawi nyuma yake.

Alikuwa amebakiza hatua ya mwisho tu, ile wanayoiita klia: maji yasiyo na rangi yanayopulizwa juu ya kila kitu ili king'ae. Baba ndiye aliyeagiza hivyo. Alisema mjini siku hizi kila kitu kinauzwa, na yeye anataka kuona mkono wa fundi kwa macho yake. Saa nne asubuhi, mwezi wa sita, wazee sita wamekaa kwenye viti uani, na ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la zizi.

Yakubu alipuliza. Lori likang'aa, jekundu, na nikamwona baba anasogeza kiti mbele. Halafu, mbele ya macho yetu wote, likaanza kuwa jeupe. Kwanza kwenye paa, kisha milangoni, kisha kote.

"Rangi imekataa," akasema baba.

Yakubu aliinua uso, akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Aliweka lori juu ya stuli, akawaaga wazee mmoja mmoja kwa heshima, akaliviringisha tairi lake kuelekea barabarani. Hakugeuka hata mara moja.

"Kwa nini umelileta?" aliniuliza sasa, pale gereji.

"Litengeneze."

"Kwa ajili ya nani?"

"Jumamosi wanakuja watu wa mwalimu Gervasi kuniposa. Mara ya kwanza nilisema naumwa. Mara ya pili nikasema nafikiri. Safari hii baba ameshawajibu wafike."

Alichukua kipande cha msasa, akakikunja, akakikunjua.

"Gervasi ni mtu mwema," akasema.

"Sana. Hanywi, hagombi, ameezeka nyumba kwa bati. Natafuta ubaya wake tangu Pasaka, sijauona. Ila akiongea nasikiliza mlango, Yakubu. Nasikiliza kama kuna anayeviringisha tairi."

Nilikuwa sijapanga kusema hivyo. Yeye naye hakuwa amepanga kusikia, maana msasa ulimdondoka.

"Kaa," akasema akiuokota. "Haliwezekani sasa hivi. Upepo wa mlimani bado una baridi. Tutasubiri saa sita."

"Linaweza kupona?"

"Violeth, halikuwahi kuumwa. Huo ni ukungu wenu. Klia inakauka haraka, na inapokauka inavuta ubaridi. Ukungu ukiwa karibu unanaswa ndani yake. Rangi iko chini, salama. Napuliza thina kidogo, nyepesi kama pumzi, panapo joto na ukavu. Juu panalainika, ukungu unatoka. Basi."

"Hata baada ya mwaka mzima?"

"Hata baada ya miaka kumi. Rangi hii haijui kukasirika. Thina yake ikiigusa, inarudi kama ilivyokuwa."

Nilihesabu usiku wote niliolala nikilitazama lile jicho jeupe juu ya kabati, nikijua kwamba ndiyo picha ya maisha yangu. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Ina maana ulijua. Siku ile, pale uani, ulijua dawa yake."

"Nilijua."

"Na ukaondoka."

"Nilijua tangu asubuhi, nilipoona ukungu. Klia haipulizwi kwenye ukungu, hilo kila fundi analijua."

"Kwa nini ulipuliza?"

"Nimwambie nini baba yako?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mzee ameita wenzake, wamekaa, amesema saa nne. Mimi ni mgeni, ni wa dini nyingine, nimekuja kuomba binti. Nianze na kumwambia mzee kwamba asubiri? Nilihitaji saa mbili tu za jua. Mtu wa nyumbani angeweza kuniombea. Nikakutazama wewe."

Nilikuwa nimeukumbuka mtazamo ule kila siku, na kila siku niliusoma vibaya. Nilidhani ananiambia: umeona, nimeshindwa, niache niende.

"Kwetu binti hasemi wazee wakiwa na mgeni," nikasema. "Hata nyumba ikiwaka moto, tunamnong'oneza mama kwanza."

"Sikulijua hilo."

"Nilikuwa natazama chini ili nisilie. Wewe ulidhani nini?"

"Kwamba umeona aibu. Kwamba umefurahi umepata njia ya kuniepuka bila kuniambia."

"Nilikuandikia barua mbili."

"Zilisema hujambo, na mvua imenyesha."

"Ulitaka niandike nini? Barua zinapita kwa shangazi, anazifungua."

Alikaribia kucheka, akashindwa. Akakaa juu ya tairi mbele yangu, magoti yake karibu na yangu, pasipo kugusana. Nafasi ile ya kiganja kimoja kati yetu niliihisi kuliko ambavyo ningeuhisi mkono wake.

"Nilikutafuta mara moja," akasema. "Mwezi wa kumi na mbili. Nilifika Mbulu mjini, nikakuona sokoni unachagua maharage. Unatoa mabovu moja moja, mwenye maharage amechoka na wewe. Nikasimama nyuma ya vibanda mpaka ulipomaliza. Halafu nikarudi Katesh."

"Mwanamume mjinga."

"Ndiyo."

"Mimi nakuona kila mahali, na siku moja uliyokuwepo kweli sikukuona."

Huko dukani Bi Mwantumu alikuwa akibishana na mteja kuhusu upana wa kitambaa. Jua lilipanda juu ya bati za gereji, upepo ukaanza kuishiwa ubaridi, na wingu lililokuwa limekaa kwenye kilele cha Hanang tangu asubuhi likaondoka.

"Baba analifuta vumbi," nikamwambia. "Kila Jumapili baada ya misa, kwa kitambaa chake mwenyewe. Haruhusu mtu mwingine kulishika. Jumapili iliyopita alidhani niko jikoni. Alifungua kile kimlango, akakifunga. Akajisemea peke yake: rangi ilikuwa yenyewe."

Yakubu aliinamisha kichwa. Alipokiinua, kope zake za buluu zilikuwa zimelowa.

"Miezi saba," akasema. "Nilichanganya miezi saba kusikia neno hilo."

"Basi hilo ndilo lililonipandisha kwenye vitunguu."

Saa sita alisimama. Aliweka lori juani juu ya pipa mpaka bati likapata joto. Akaunga mpira kutoka kwenye lile tairi lake la upepo hadi kwenye kibunduki, akatia thina kiasi cha kifuniko cha soda, akajaribu upepo kwenye kiganja chake, kisha, bila kuniuliza, kwenye changu. Ubaridi ukapita ngozini na kutoweka. Nikakifunga kiganja kana kwamba amenipa kitu cha kushika.

"Usitegemee kuona kitu mara ya kwanza," akasema. "Ukiharakisha, inachuruzika."

Alipita mara moja, mkono ukienda kama anayemfukuza nzi bila kutaka kumdhuru. Hakuna kilichotokea. Akasubiri. Akapita tena. Kwenye mlango wa dereva, mahali ambapo baba aliegemeza kiwiko kwa miaka kumi na tisa, pakatokea doa la wekundu dogo kama punje ya harage. Likatanuka. Mlango wote ukawa mwekundu, kisha boneti upande wa kulia, kisha ubavu mzima wa bodi, ukinywa jua. Nilijiona mle ndani, uso wangu mdogo na kilemba kilichopinda, na nyuma yangu uso wake.

Alilizungusha lori ili aanze upande wa kushoto. Niliushika mkono wake.

"Acha hapo."

"Bado nusu nzima."

"Najua. Nikirudi nalo limekamilika, baba atalitazama, atafurahi, ataliweka kabatini. Gervasi atakuja, nami nitaambiwa nilete chai." Sikuuachia mkono. "Nusu hii ukaimalizie kwetu. Jumamosi. Aone mkono wa fundi, si ndivyo alivyotaka?"

"Jumamosi alfajiri nina basi la Kahama."

"Nimesikia."

"Na dini, Violeth? Hiyo haina thina."

"Bomani wanafungisha ndoa, kila mtu na dini yake. Mama yako hatafurahi, baba yangu hatafurahi. Wataanza kwa kutofurahi pamoja, angalau wawe na la kuzungumza."

Alinitazama kwa muda mrefu. Ule ulikuwa mtazamo uleule wa pale uani, na safari hii sikutazama chini, ingawa shingo iliniuma kwa kutokuwa na mazoea.

"Na ukungu ukishuka tena?" akauliza taratibu. "Wazee wamekaa, baba yako amesema saa nne, watu wa Gervasi wako palepale. Nani atasema?"

"Mimi."

"Utasema nini?"

"Nitasimama mbele yao wote. Nitasema, shikamoo baba, tungoje jua."

Alichomoa mpira kwenye kibunduki, akaligusa tairi kwa kidole gumba. Lilikuwa limelegea, upepo wake umekwisha. Akaliburuta mpaka katikati ya gereji, akachukua pampu ya mkono ukutani, akapiga magoti, akaanza kulijaza upepo wa safari ya Tlawi.